Bodi ya laptopu ndani ya kasha la nakshi: joto, chumvi na umeme hapa Lamu

Mchongaji wa Langoni aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu mafundi. Mimi ni seremala wa nakshi hapa Langoni, Lamu. Kazi yangu ni milango, viti vya enzi na makasha, na umeme naujua kwa kiwango cha mtu wa kuwasha na kuzima tu. Mpwa wangu ameniachia laptopu iliyopasuka kioo na kukatika bawaba, lakini ukiiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI inafanya kazi vizuri kabisa. Badala ya kuiuza kwa bei ya vipuri, nataka kuitoa katika ganda lake na kuiweka ndani ya kasha la mbambakofi lenye nakshi ya waridi mbele na ya mnyororo ubavuni, likae juu ya meza ya karakana kama kompyuta ya kazi: kuwaonyesha wateja picha za milango, kuweka hesabu za mbao, na kuchora ruwaza kabla sijashika patasi.

Kasha nimelipima liwe na urefu wa sentimita 45, kina cha 35 na kimo cha 16, na mbao zake ziwe na unene wa milimita 18. Nina mashaka matatu. La kwanza ni joto, kwa kuwa mbao haipitishi joto kama chuma. La pili ni hewa ya bahari: karakana yangu haiko mbali na ufuo, na msumari wa chuma huota kutu kabla kazi haijamfikia mwenyewe, ndiyo maana makasha yetu tunayapiga shaba. La tatu ni umeme, kwa sababu stima hukatika na mara nyingi nategemea betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya jua. Sijui kama ni salama kuuingiza umeme huo katika sanduku la mbao.

Kijana mmoja hapa barazani amenishauri niizamishe bodi yote, yaani ule ubao wa ndani wenye vipuri, katika mafuta ya nazi, akidai kwamba huko ng'ambo watu hufanya hivyo. Sijui kama alikuwa akinitania.

Fundi wa Malindi alijibu:

Wa alaykum salaam, bwana mchongaji. Wazo lako lina ukoo mrefu. Apple I, kompyuta iliyobuniwa na Steve Wozniak na kuanza kuuzwa mwaka 1976 kwa dola 666.66, ilifika kwa mnunuzi ikiwa bodi tupu, bila sanduku, bila kibodi na bila transfoma, na baadhi ya wanunuzi walijitengenezea masanduku ya mbao. Kwa hiyo hatubishani kama jambo hili linawezekana. Linalotuhusu ni namna ya kulifanya ufuoni mwa Bahari ya Hindi, na hapo naomba niyapange upya mashaka yako, kwa sababu lile uliloliweka la kwanza kwangu ni jepesi kuliko la pili.

Joto kwanza. Bodi ya laptopu ya kawaida yenye prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) ya daraja la wati 15 haitakula zaidi ya wati 30 hivi ikiwa inafanya kazi nzito bila kioo chake, na joto hilo lote lazima litoke nje pamoja na hewa. Ili kuondoa wati 30 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu, unahitaji takriban lita 2.5 za hewa kila sekunde, kiasi ambacho si kikubwa. Taabu hutokea pale hewa ya moto iliyotoka kwenye feni inapozunguka ndani ya sanduku na kuvutwa tena na feni ile ile, kwani hapo joto hupanda juu ya joto hata prosesa ikafikia kikomo chake, ambacho kwa laptopu nyingi ni nyuzi 100 hivi, ikaanza kujipunguzia kasi na hatimaye kujizima. Dawa yake ni kiambaza: tenga chumba cha hewa inayoingia na chumba cha hewa inayotoka, na uhakikishe mdomo wa feni umebanana na tundu la kutokea, bila mwanya wowote.

Nakshi yako yenyewe inaweza kuwa dirisha la hewa, mradi uitoboe moja kwa moja. Pima mdomo wa feni ya laptopu. Tuseme una upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 1, yaani sentimita 8 za mraba. Jumla ya matundu ya nakshi mbele ya mdomo huo isipungue mara mbili ya kiasi hicho, na sehemu hiyo ya mbao uichimbe kwa nyuma mpaka ibaki na unene wa milimita 5 au 6, kwa kuwa tundu jembamba katika ubao wa milimita 18 ni bomba, na hewa huchoka kupita katika mabomba.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo inayoniletea wateja wengi dukani. Watu hudhani kwamba upepo wa bahari huharibu bodi wakati kompyuta inafanya kazi, kwa kuwa ndipo feni inapovuta hewa. Ni kweli kwamba feni huingiza vumbi la chumvi, lakini chumvi kavu peke yake haina madhara makubwa. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka yenyewe pale unyevu unapopita asilimia 75, na hapo hugeuka utando mwembamba wa maji ya chumvi unaopitisha umeme kati ya miguu ya vipuri. Bodi yenye joto haifikii hali hiyo. Bodi iliyozimwa na kupoa, usiku, katika pwani yenye unyevu wa asilimia 85, huifikia kila siku. Fungua laptopu iliyokaa kabatini kwa muda mrefu utaona: kando ya soketi ya chaja pana ukungu wa kijani, na skrubu zilizokuwa zinang'aa zimekuwa na vidoa vyeupe kama vya magadi. Ile inayotumika kutwa nzima huwa safi zaidi, ijapokuwa imemeza vumbi jingi.

Hapo ndipo kasha lako linapokuwa na faida. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85 ukiipasha nyuzi 5 tu, bila kuitoa tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 64 hivi, chini ya ile 75. Mbao hutunza joto kuliko bati. Ukiweka chini ya bodi kipasha joto kidogo cha kuwaka usiku, na ukafunga matundu kwa kilango cha kusukuma, bodi italala kavu. Kipasha chenyewe ni resista ya omu 27 yenye ganda la alumini na uwezo wa wati 10 au zaidi; ukiiunga kwenye volti 12 itatoa wati 5 na kidogo. Kwa saa 12 za usiku itakula wati-saa 64 hivi kutoka katika betri yako, jambo ambalo wewe ndiye utakayeamua kama unalimudu. Ifunge kwa skrubu kwenye kipande cha bamba la alumini, kamwe isiguse mbao.

Kuhusu usalama, neno langu ni fupi: usiingize stima ya volti 240 ndani ya kasha. Chaja ibaki nje, na waya wa volti 19 peke yake ndio uingie. Wale wanaotengeneza masanduku ya mbao kwa kompyuta kubwa za mezani hulazimika kuweka humo kisanduku cha umeme chenye kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na pia kuhakikisha kwamba vyuma vyote vimeungwa na waya wa ardhi, kwa sababu mbao haiwezi kufanya kazi hiyo. Wewe umeepuka yote hayo kwa kuchagua laptopu.

Mwalimu wa Shela alijibu:

Nimesoma maelezo ya Fundi na nakubaliana naye kuhusu chumvi, ila naomba kumpunguzia ndugu yetu kazi. Usiitoe bodi katika kitako chake cha chini. Ondoa kioo na kifuniko chake, ondoa kibodi kama unaona haja, lakini ule upande wa chini uache kama ulivyo na uuweke mzima ndani ya kasha. Vigingi vya skrubu vimeshapimwa na kiwanda, njia ya hewa ya feni imeshaumbwa, na mrija wa shaba unaochukua joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mapezi ya feni umekaa mahali pake. Mrija huo si kipande cha shaba kitupu. Ndani yake mna maji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi, na mtu akiupinda ili bodi ienee mahali anapopataka yeye, huwa ameua njia ya joto bila kuona dalili yoyote kwa nje.

Nawafundisha vijana kufungua kompyuta, na madhara mengi ninayoyaona hutokea katika dakika za kwanza. Zima, chomoa chaja, kisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote tenganisha betri na bodi. Ile mikanda myembamba ya waya ya kibodi na kipanya imeshikwa na kilimi kidogo cha plastiki ambacho huinuliwa kwa ukucha. Ukivuta mkanda kabla ya kuinua kilimi, soketi hung'oka. Piga picha kila hatua.

Yako mambo mawili ambayo seremala hatayatarajia. Kwanza, katika laptopu nyingi kitufe cha kuwashia kiko juu ya kibodi au kwenye kifuniko, hivyo ukiondoa sehemu hizo unaondoa na kitufe. Tafuta kijibodi chake kidogo na ukihamishie mbele ya kasha, labda katikati ya waridi. Pili, laptopu hutambua kwamba imefungwa kwa kuhisi sumaku iliyo kwenye kifuniko. Ukitumia komeo la sumaku kwenye kasha lako na likakaa karibu na kihisi hicho, kompyuta italala kila unapofunga, na utazunguka kwa mafundi wote wa Lamu ukitafuta ugonjwa usiokuwepo. Tumia komeo la shaba.

Kwa upande wa mawasiliano una bahati, kwa kuwa mbao haizuii mawimbi ya Wi-Fi kama sanduku la chuma. Antena hukaa pembeni mwa kioo, kwa hiyo zitoe huko kwa upole pamoja na nyaya zake mbili nyembamba na uzibandike ndani ya kifuniko cha kasha, mbali na shaba uliyoipiga.

Mchongaji wa Langoni aliandika:

Ahsanteni sana. Mmenifungua macho, hasa hilo la bodi kuoza ikiwa imelala.

Kwa upande wa mbao niseme kidogo, maana huko ndiko nyumbani. Nimechagua mbambakofi kwa sababu haichezi sana inapopigwa na unyevu na kavu, na wadudu hawaipendi. Mwembe ni rahisi kuchonga lakini huliwa upesi. Hata hivyo, mbao yoyote hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali kwa urefu wake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo ubao wa nakshi sitaugundisha wala kuupiga misumari. Utakaa huru katika mfereji wa fremu, na hata hewa ya moto ikiukausha upande mmoja, utajinyoosha wenyewe bila kupasuka. Kitako cha laptopu nitakishika kwa vibano vya kuteleza kwa sababu hiyo hiyo. Kilango cha kusukuma hakinisumbui. Nitakichonga kama vile vya makasha ya zamani yenye droo za siri, na nitaweka swichi ndogo nyuma yake, ili kikiwa kimefungwa kipasha joto kiwake, na kikifunguliwa kipasha kizime.

Natumia mbao iliyokaa kivulini kwa muda mrefu. Je, ingekuwa mbichi ingedhuru? Na bado sijajibiwa kuhusu umeme wa jua na mafuta ya nazi.

Mhandisi wa Kisauni alijibu:

Bwana mchongaji, nianze na mafuta, kwa kuwa kijana wako hakukutania moja kwa moja. Wapo watu wanaozamisha bodi katika mafuta, lakini hutumia mafuta ya madini yasiyopitisha umeme na yasiyooza. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, huchacha yakikaa na joto na hewa, na kila utakapotaka kubadilisha kipuri utaanza kwa kuosha. Wacha nazi ibaki jikoni. Nawe, kwa upande wako, usije ukapaka mafuta ya sifa, yaani ya papa, ndani ya kasha kwa mazoea ya watengenezaji wa majahazi. Feni itaisambaza harufu hiyo mpaka kwa jirani.

Swali lako la mbao mbichi ni la maana. Mbao nyingi, na hasa zikiwa bado mbichi, hutoa mvuke wa asidi ya siki, ambao katika sanduku lililofungwa hula risasi na shaba polepole. Mbao iliyokauka vizuri hutoa kidogo. Vanishi nayo iache ikauke hadi harufu iishe ndipo uingize kompyuta.

Sasa umeme. Usitumie inveta kuipandisha volti 12 hadi 240 kisha chaja kuishusha tena hadi 19, kwa kuwa kila mgeuzo hula sehemu yake. Nunua chaja ya gari iliyotengenezwa kwa laptopu ya aina hiyo hiyo; ndiyo kipandisha volti kutoka 12 hadi 19, na mara nyingi imezingatia ile pini ya katikati ambayo baadhi ya laptopu huitumia kuitambua chaja yake. Ukiweka kipandisha volti cha kawaida, laptopu ya namna hiyo inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri na kujipunguzia kasi.

Chukulia kwamba chaja itatoa wati 60 betri ya laptopu inapochajiwa huku kazi ikiendelea. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5, na ukijumlisha upotevu zinakaribia 6. Tumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Kwa umbali wa mita 3 kwenda na 3 kurudi utapoteza robo ya volti hivi, ilhali waya wa milimita 1 utakupotezea zaidi ya nusu volti, na betri ikiwa imeshuka chaja itaanza kulalamika. Fyuzi ya ampea 10 iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri kubwa, si karibu na kasha, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya mzima. Betri kubwa yenyewe ikae nje ya kasha, mahali penye hewa.

Betri ya laptopu unaweza kuiacha mahali pake, kwa kuwa itakusaidia pale waya unapochomoka, lakini ichunguze. Ikiwa imevimba hata kidogo, iondoe, wala usiitoboe kutazama kilichomo. Seli za lithiamu hazifai kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, kwa hiyo kipasha joto cha Fundi kikae chini ya bodi, upande ulio mbali na betri. Kama laptopu ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe.

Fundi wa Malindi alijibu:

Nakubali pendekezo la Mwalimu la kuacha kitako; kweli kazi itakuwa fupi. Kipasha kikae chini ya kitako kwenye bamba lake, kwa upande aliousema Mhandisi, bila kuziba matundu ya kuvutia hewa. Juu ya matundu hayo tandika kitambaa cha soksi ndefu ya kike kilichovutwa na kubanwa kwenye fremu nyembamba. Kitakamata vumbi la msasa, ambalo katika karakana yako litakuwa adui wa karibu kuliko hata chumvi. Kioshe kila unaposafisha meza.

Kabla ya kuifunga, bodi isafishwe. Brashi laini na spiriti safi ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno. Meno ya dhahabu ya ramu (kadi ya kumbukumbu) yafute kwa kifutio cha penseli kisha kwa spiriti. Ukitaka kinga ya ziada, ipo vanishi ya akriliki ya kunyunyizia bodi za umeme, lakini ziba kwanza soketi zote, nafasi ya ramu na feni kwa utepe wa karatasi, na usinyunyize kabla ya kusafisha, kwa kuwa utakuwa umeifungia chumvi chini ya vanishi.

Jambo la mwisho ni mpango wa kazi. Usianze kuchonga mbambakofi. Tengeneza sanduku la plaiwudi kwa vipimo vile vile, kata matundu ya ukubwa uliokusudia hata kama ni ya mraba tu, ingiza kompyuta na kiambaza chake, kisha iendeshe kazi nzito kwa saa nzima, mchana, kifuniko kikiwa kimefungwa, huku programu ya kusoma joto ikiwa wazi kwenye televisheni. Prosesa ikitulia chini ya nyuzi 85, vipimo vyako vinatosha. Ikipita 90, ongeza matundu upande wa kutokea hewa na urudie. Ukishapata jumla inayokubalika ndipo uigawe katika petali za waridi na pete za mnyororo upendavyo, na uongeze kidogo kufidia vanishi itakayoingia katika kingo.